Chupa ya Usingizi: Dawa za Watoto Zama za Malkia Victoria

Mtoto anapolia usiku kucha, nyumba nzima hukosa raha, na asubuhi mzazi huenda kazini macho mazito. Taabu hii, ndugu msomaji, ni ya watu wote na ya zama zote. Katika miji ya viwanda vya nguo ya Uingereza, kama vile Manchester na Preston, wakati wa Malkia Victoria aliyetawala tangu 1837 hadi 1901, kilio hicho kilikuwa na dawa yake. Iliuzwa kwa peni chache katika duka la mtaani, kando ya sabuni na mishumaa, na muuzaji hakuuliza swali.

Dawa hiyo iliitwa Godfrey's Cordial. Ilikuwa ni maji, molasi na viungo vya kuipa ladha, pamoja na kitu kimoja kilichofanya kazi yote: afyuni, yaani kasumba. Sisi tumezoea kulitumia neno kasumba tunapozungumzia mawazo ya mtu aliyepumbazwa na ukoloni. Hapa ni kasumba yenyewe, utomvu wa mpopi, ikinyweshwa kitoto kichanga kwa kijiko.

Afyuni hutuliza maumivu na kuleta usingizi. Kwa hilo haikusingiziwa. Lakini pia huua hamu ya kula na kupunguza nguvu ya pumzi. Mtoto aliyenyweshwa kila siku hakulia, na kwa kuwa hakulia, hakukumbukwa kulishwa. Alikonda siku hata siku, ngozi ikajikunja, uso ukawa kama wa mzee. Tena kila muuza dawa alichanganya kwa kipimo chake, hata kijiko cha duka moja kikawa na nguvu kupita kijiko cha duka la jirani. Mama akinywesha alfajiri, na mlezi asiye na habari akanywesha tena saa nne, basi mtoto huyo huenda asiamke. Wengine walikufa hivyo, kwa mara moja. Wengine walimalizika taratibu kwa njaa katikati ya usingizi, na katika cheti cha kifo likaandikwa neno moja tu: udhaifu.

Ni haki kusema kwamba kasumba haikuwa muuaji mkuu. Katika Uingereza ya wakati ule, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, takriban 150 hawakutimiza mwaka, na wengi walichukuliwa na kuharisha na maradhi ya kifua. Lakini kuharisha kulitokana na maji machafu na maziwa yaliyooza. Kasumba ilitiwa kinywani kwa mkono wa anayempenda mtoto.

Kwa nini mama alifanya hivyo? Mabwana na mabibi wa tabaka la juu walikuwa na jibu jepesi: mama wa kiwandani ni mjinga na mvivu. Jibu hilo halisimami. Hadi sheria ya 1847 ilipoweka kikomo cha saa kumi kwa siku, wanawake wa viwanda vya nguo walifanya kazi hata saa kumi na mbili. Likizo ya uzazi haikuwapo. Sheria ya kumzuia mwajiri asimrudishe mzazi kiwandani kabla ya wiki nne kupita tangu ajifungue ilipatikana 1891, nayo haikumpa mama hata peni moja ya kujikimu katika wiki hizo. Kwa hiyo mtoto aliachwa kwa bibi kizee au kwa binti mdogo wa jirani, ambaye pengine alilea watoto kadhaa katika chumba kimoja. Hapo chupa ilikuwa mlezi wa pili. Friedrich Engels, mwana wa tajiri wa kiwanda cha pamba, aliishi Manchester na kuyaona haya. Katika kitabu chake cha 1845 juu ya hali ya wafanyakazi wa Uingereza aliitaja Godfrey's Cordial kwa jina, akaeleza pia kwamba wafanyakazi walikimbilia dawa za namna hii kwa sababu hawakuweza kulipa ada za waganga waliosoma.

Wala usidhani kwamba nyumba za wenye nacho zilikuwa salama. Kitabu mashuhuri cha Isabella Beeton cha mambo ya nyumbani, kilichotoka 1861, kiliorodhesha dawa zinazofaa kuwekwa katika sanduku la nyumba, na humo zimo unga wa afyuni na lodanamu, yaani afyuni iliyolowekwa katika kileo. Poda za watoto wanaoota meno zilitiwa kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki, na zebaki ni sumu.

Kando ya hatari hizo zilikuwapo dawa ambazo bibi zetu wasingezishangaa: haradali ya kubandikwa kifuani, uji wa moto wa mbegu za kitani katika kitambaa, mafuta ya bata bukini ya kuchua kikohozi, mafuta ya mbarika, sanamaki na haluli kwa tumbo lililofunga. Jino likiuma, yalitiwa mafuta ya karafuu, na karafuu nyingi za dunia karne ile zilitoka Unguja na Pemba, zikichumwa kwa mikono ya watumwa. Dawa moja ya Kiingereza ya zama hizo imefika hata kwetu, na huenda umepata kuiona kabatini: Gripe Water. William Woodward wa Nottingham aliitengeneza 1851 kwa mafuta ya shibiti, magadi ya kupikia, sukari na kileo. Kasumba haikuwamo. Kileo kilikuja kuondolewa baadaye sana.

Sasa tuangalie fedha zilikokwenda. Thomas Holloway alianza kuuza marhamu na vidonge vyake 1837, mwaka ule ule Victoria aliposhika enzi, akatangaza magazetini bila kuchoka, katika nchi nyingi na kwa lugha nyingi. Vidonge vyenyewe vilikuwa zaidi ni shubiri, dawa ya kuharisha. Utajiri wake ulijenga chuo kikubwa cha wanawake kilichofunguliwa na Malkia mwenyewe 1886. Thomas Beecham, aliyeanza maisha akichunga kondoo, alitangaza kwamba kikasha chake cha vidonge kina thamani ya gini moja, yaani shilingi 21. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilivipima vidonge hivyo na kukuta shubiri, tangawizi na sabuni. Gharama ya vitu hivyo kwa vidonge 56 ilikuwa moja ya nane ya peni. Kikasha kiliuzwa shilingi moja na peni moja na nusu. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mara mia moja.

Ile peni moja na nusu ilikuwa ya serikali. Tangu 1783 dawa za siri zenye jina la mwenyewe zilibandikwa stempu ya kodi, na mnunuzi, akiona alama ya serikali, aliamini kuwa dawa imekaguliwa. Haikukaguliwa kamwe. Ikalazimu hatimaye kuchapa juu ya stempu hiyo maneno ya kusema kwamba haimaanishi dhamana ya serikali, kwa herufi ambazo sidhani mama mwenye mtoto anayelia alipata nafasi ya kuzisoma.

Sheria ya 1868 ilipokataza afyuni kuuzwa na mtu asiye mfamasia aliyeandikishwa, vifo vya watoto vilivyoandikwa kuwa vya afyuni vilipungua. Hata hivyo dawa hizo zenye stempu ziliachwa nje ya sheria. Hivyo iliendelea kuuzwa Chlorodyne ya Dakta Collis Browne, yenye lodanamu, bangi na klorofomu. Iliendelea pia Mrs. Winslow's Soothing Syrup, iliyotoka Marekani tangu 1849, ambayo ndani yake mlikuwa na mofini, kiini chenyewe cha kasumba, na ambayo matangazo yake yalionyesha mama mrembo akitabasamu na mwanawe. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliiweka 1911 katika orodha ya wauaji wa watoto.

Kile kitabu cha madaktari wa Uingereza cha 1909, kilichofichua siri za dawa hizi, kiligomewa na magazeti mengi, yakakataa hata kukitangaza kwa malipo. Matangazo ya wenye vidonge yaliyalisha mno. Bunge likaunda kamati 1912. Ilisikiliza mashahidi kwa miaka miwili na kuandika taarifa kali, iliyotolewa tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani. Taarifa ikawekwa kabatini. Kodi ya stempu iliendelea kukusanywa hadi 1941.