Ubao Mpya katika Chombo cha Kale: Ukarabati wa Saketi ya Kuendesha ya Amplifaya ya Dynaco Stereo 70

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna amplifaya ya valvu ya Dynaco Stereo 70, iliyoingia sokoni nchini Marekani mwaka 1959, inavyorejeshewa uhai kwa kuwekewa ubao mpya wa saketi ya kuendesha. Hoja yake ni kwamba chombo hiki kilikwamishwa zaidi na kuadimika kwa valvu ya aina moja kuliko uchakavu wa jumla, na kwamba kilinusurika kwa kuwa mchoro wake ulikuwa mikononi mwa wanunuzi. Masuala ya istilahi yanaguswa pale yanapoathiri usalama wa fundi.

1. Chombo chenyewe

Katika Kiswahili cha kila siku neno "kipaza sauti" hubeba mzigo mkubwa kupita kiasi: humaanisha kinasa cha kuzungumzia, spika, na pengine mtambo unaokuza mawimbi kati ya viwili hivyo. Hapa linatumika "amplifaya", ambalo mafundi hulielewa bila maelezo.

Stereo 70 ilitengenezwa na Dynaco, kampuni ya Philadelphia iliyoongozwa na David Hafler. Mwaka 1951 Hafler na Herbert Keroes walikuwa wamekwisha kuchapisha maelezo ya mfumo wa kuunganisha gridi ya pili ya valvu ya mwisho na sehemu ya katikati ya mzingo wa transfoma ya kutolea sauti, na mfumo huo ndio ulioingizwa katika chombo hiki. Kila chaneli hutoa wati 35. Valvu za mwisho ni EL34 nne, mbili kwa kila upande. GZ34 moja hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. Na 7199 mbili hukaa juu ya ubao mdogo ulio mbele ya transfoma. Mnunuzi aliyetaka kuokoa fedha aliuziwa vipande na kuviunganisha nyumbani kwa kufuata kitabu cha maelekezo, ila ubao huo aliupata ukiwa tayari umelehemiwa vijenzi vyake.

2. Valvu moja iliyoadimika

Kazi ya saketi ya kuendesha ni kuchukua mawimbi dhaifu kutoka kwenye chanzo, kuyakuza, kisha kuyagawa katika nakala mbili zilizo sawa kwa ukubwa lakini zenye mwelekeo kinyume, ili valvu moja ya EL34 isukume wakati mwenzake inavuta. Wabunifu wa Dynaco waliibana kazi yote hii ndani ya chupa moja. Valvu ya 7199 ina pentodi na triodi pamoja: pentodi hukuza, triodi hugawa. Triodi hiyo ina rezista mbili zenye thamani sawa, moja upande wa anodi na nyingine upande wa kathodi, na nakala mbili za mawimbi huchukuliwa kutoka pande hizo.

Ubunifu huu una uzuri wake. Vijenzi ni vichache, gharama ni ndogo, na mgao ni sahihi maadamu EL34 hazijaanza kuvuta mkondo kwenye gridi zake. Zikianza, yaani chombo kinapolazimishwa kufikia kikomo cha nguvu zake, pande mbili za triodi hukoma kuwa sawa na upotoshaji hupanda ghafla. Hata hivyo, kasoro hiyo peke yake isingewasumbua wamiliki wengi. Kilichowasumbua ni kwamba 7199 ilitumika katika vyombo vichache, viwanda vikaacha kuitengeneza, na hifadhi za zamani zikapanda bei. EL34 iliendelea kutengenezwa kwa sababu wapiga gitaa hawakuiacha. Hivyo chombo chenye transfoma nzima, chasi nzima na valvu kubwa zinazopatikana kikawa hatarini kwa sababu ya kichupa kimoja.

Suluhisho la kwanza lilikuwa kutumia valvu za jamii ya karibu, kama 6U8A na 6GH8A, ambazo nazo zina pentodi na triodi. Mpangilio wa pini zake ni tofauti. Kwa hiyo huhitaji soketi ya kati au kubadilishwa kwa nyaya.

3. Ubao mpya unavyobadilisha mambo

Suluhisho la pili ni kuung'oa ubao wote. Mbao zinazouzwa leo ni za aina nyingi, na mojawapo ya miundo inayopendwa hutumia valvu tatu za 12AT7. Ya katikati huhudumia chaneli zote mbili, nusu kwa nusu, katika hatua ya kwanza. Zile za pembeni hugawa mawimbi, kila moja ikitumia triodi zake mbili zilizounganishwa kwenye kathodi. Mgawaji wa namna hii huongeza pia ukubwa wa mawimbi, jambo ambalo triodi ya zamani haikuweza.

Ziko hesabu ambazo fundi hana budi kuzifanya kabla ya kununua. Valvu mbili za 7199 huvuta ampea 0.45 kila moja kwa ajili ya kupasha joto kathodi, jumla ampea 0.9. 12AT7 tatu, zikiungwa kwa volti 6.3, huvuta 0.3 kila moja: jumla ni ileile. Transfoma ya umeme ya Stereo 70 hufanya kazi karibu na kikomo chake, na ubao wowote unaodai zaidi ya hapo huifupishia maisha. Transfoma ndiyo mali yenyewe. Vingine vyote hubadilishwa.

Faida kubwa zaidi huenda isiwe katika sauti. Katika saketi ya awali, EL34 mbili za chaneli moja zilishirikiana rezista ya omu 15.6, na fundi alirekebisha mkondo hadi asome volti 1.56, yaani miliampea 100 kwa zote mbili. Kama moja ilivuta 65 na nyingine 35, kipimo hakikuonyesha lolote. Kwa volti zipatazo 415 kwenye anodi, miliampea 50 ni takriban wati 21 za joto, na EL34 huruhusiwa 25. Ile ya miliampea 65 inakuwa karibu na wati 27, imeshavuka mpaka. Mbao nyingi mpya huipa kila valvu kirekebishi chake. Kwa rezista ya omu 10, kipimo cha volti 0.4 ni miliampea 40, na kila valvu hujitegemea.

Volti hasi ya gridi inayodhibiti mkondo huo huitwa baiasi. Kuitafsiri "upendeleo", kama kamusi za jumla zinavyoshawishi, ni kumpoteza fundi mahali ambapo kosa huunguza transfoma. Volti hiyo hupatikana kupitia kirekebishaji cha seleniamu, ambacho upinzani wake huongezeka kadiri kinavyozeeka. Volti hasi hupungua, mkondo hupanda, na anodi huanza kung'aa nyekundu. Anayeweka ubao mpya na kuiacha seleniamu ya zamani amefanya nusu ya kazi, na hiyo nusu aliyoiacha ndiyo ya hatari.

4. Hatari kwa fundi

Chini ya chasi mna umeme wa zaidi ya volti 400, nao hubaki ndani ya kapasita hata plagi ikiwa imechomolewa. Kapasita hizo zinapaswa kumwagwa umeme kupitia rezista, kisha kupimwa kwa mita hadi isomeke sifuri, kabla ya mkono kuingia. Tena, chombo hakiwashwi na kupelekewa mawimbi bila spika au rezista ya mzigo, kwani transfoma za kutolea sauti huweza kupasuka kinga zake. Chombo kilicholetwa Afrika Mashariki kutoka Marekani kimeundwa kwa umeme wa takriban volti 117. Kwenye gridi za volti 230 au 240 huhitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa kutosha.

5. Kilichowezesha ukarabati

Watengenezaji wa mbao hizi hawakulazimika kuvunja siri yoyote. Kitabu cha Stereo 70 kilikuwa na mchoro kamili wa saketi, thamani za vijenzi na volti za kupimia. Ubao ulifungwa kwa skrubu na kuunganishwa kwa nyaya zinazolehemuka, kwa hiyo mpya hukaa kwenye tundu lilelile bila kutoboa chuma, na wa zamani huweza kurudishwa siku yoyote. Hilo huwatuliza hata wakusanyaji wanaochukia mabadiliko.

Agizo la Umoja wa Ulaya nambari 2024/1799 kuhusu haki ya kukarabati limejengwa juu ya orodha ya bidhaa, zikiwamo mashine za kufulia, friji na simu. Kwa washauri wa sera wa ukanda huu, ambako vyombo vilivyotumika huingia kwa wingi na mafundi wa mitaani ndio wanaovihudumia, swali la kwanza linaweza kuwa dogo kuliko orodha: je, mchoro wa saketi unaambatana na chombo? La pili linawahusu wanaistilahi. Maelekezo ya mbao hizi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, na onyo la kumwaga umeme wa kapasita hufichwa katikati ya aya za kurekebisha baiasi. Tafsiri ya Kiswahili inayoliweka onyo hilo mwanzoni, kwa maneno ambayo fundi wa Kariakoo, River Road au Bujumbura huyatumia mwenyewe, haihitaji kusubiri agizo lolote.