Hodi ya Mgombea na Mbwa wa Nyumbani

Uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania huenda mbio. Mwaka 2024 kampeni zilianza Novemba 20 zikafungwa Novemba 26, na kesho yake watu wakapiga kura kuchagua viongozi wa mitaa, vijiji na vitongoji. Kwa wiki hiyo moja, anayewania uenyekiti wa mtaa hupita nyumba kwa nyumba, huku kwake kukigeuka kijiwe: wapambe, majirani wenye shida zao, wajomba waliotoka kijijini kumuunga mkono, mashangazi wanaochemsha chai ya kundi zima. Mbwa wa nyumba hiyo hana habari na kura. Anachokiona ni geti lisilotulia na sura asizozijua.

Mgombea mwenye mbwa mchanga hujikuta njia panda. Akimfunga mnyororo kutwa nzima, mbwa anaweza kuzidi ukali. Akijilazimisha kumfundisha kila usiku, uchovu humfanya agombe badala ya kufundisha.

Kuna utafiti unaoweza kumpunguzia mzigo. Mwaka 2011 watafiti nchini Denmark walichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusisha mbwa 44 wa aina ya beagle, waliofundishwa zoezi moja la utii. Wengine walifundishwa kila siku, wengine mara moja au mbili kwa wiki. Kila siku ya mafunzo, wengine walipata kipindi kimoja, wengine vitatu mfululizo. Kila mbwa alipata vipindi 18 kwa jumla. Waliopata kipindi kimoja, mara moja au mbili kwa wiki, ndio waliofika mbali zaidi. Waliosukumwa kila siku vipindi vitatu walishika mkia. Baada ya wiki nne makundi yote yalikuwa bado yanalikumbuka zoezi vizuri. Hao walikuwa mbwa wa maabara, si mbwa wa kienyeji wa mtaani, lakini mgombea anapata la kushika: mazoezi yaliyoanza mapema hayapotei kwa wiki moja ya kampeni.

Zoezi la kuanza nalo ni la hodi. Mkeka mdogo hutandikwa mbali na mlango, na mtu wa nyumbani husimama nje aite, “Hodi!” Kabla mbwa hajarukia mlangoni, mwenye mbwa hutupa dagaa mkavu juu ya mkeka. Mbwa akiufuata, huongezwa mwingine akiwa bado amesimama hapo, kisha mwingine akilala. Mlango hufunguliwa akiwa ametulia. Akinyanyuka, hufungwa tena bila makelele wala kiboko. Baada ya marudio machache, zoezi linasimama, mbwa akiwa bado anautamani mkeka.

Hodi ya mwanafamilia ikishazoeleka, huletwa sauti ya jirani, kisha watu wawili, kisha mtu aliyevaa kofia na kubeba bendera. Kelele za gari la matangazo huanza kwa kurekodiwa kwenye simu na kuchezwa chini kabisa wakati mbwa anakula, sauti ikipandishwa kidogo kidogo siku zinazofuata. Watu wote wa nyumbani watumie amri moja. Baba akisema “mkekani” na watoto wakisema “toka,” mbwa atabaki kubahatisha.

Si kila mgeni wa kuzoeshwa mbwa. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayotaka kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Shangazi aliyekuja na mkeka wake wa kuswalia asitiwe majaribuni. Mbwa aingizwe bandani kabla hajafika, akiwa na maji na mfupa wa kumshughulisha. Watoto wa ndugu nao wasiachwe peke yao na mbwa, hata awe mpole vipi, maana Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mgombea naye akitoka huwa mgeni kwa mbwa wa wengine. Abishe hodi nje ya geti na asubiri mwenyeji. Mbwa akimjia, asikimbie wala kumkazia macho. Asimame ubavuubavu, mikono ikiwa chini, arudi nyuma taratibu. Akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuulizia chanjo, hata kama mkutano wa jioni unamsubiri. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa wake mwenyewe huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, na kadi ya chanjo ikae mahali ambapo hata mjomba aliyeachiwa nyumba ataiona.