Gari Lililotembea Sana: Gharama Yake Huanza Baada ya Kulinunua

Huu ni mwaka wa pili tangu familia yangu iliponunua Toyota Noah ya mkono wa pili, ile ya umbo la zamani yenye injini ya petroli ya sisi 2,000 ambayo mafundi huiita 3S. Dashibodi ilionyesha kilomita 187,000. Muuzaji alitwambia maneno ambayo kila aliyewahi kununua gari mtaani ameyasikia: gari halina tatizo, ni kuwasha na kuondoka. Tuliwasha, tukaondoka. Siku ya kumi na saba tulikuwa tumesimama kando ya barabara kuu ya Tanga, baada ya Mkata, mama mkwe ameketi kwenye jamvi chini ya mti, watoto wanalia kwa kiu, na mvuke unafuka mbele ya gari. Tulikuwa tunampeleka Muheza kumjulia hali dada yake aliyekuwa mgonjwa sana.

Nayaandika haya kwa kuwa kosa halikuwa la muuzaji peke yake. Mama watoto alikuwa ameshauri, kabla hatujalipa, kwamba tubakishe fungu la fedha kwa ajili ya matengenezo ya mwanzo. Fungu lilibaki, nami nikalitumia kwa vitambaa vya viti, zulia jipya na ringi zinazong'aa. Oili sikuibadilisha, kwa sababu niliambiwa imebadilishwa juzi. Maji ya rejeta niliyaongeza mara mbili katika wiki moja, nikajiambia kuwa hiyo ndiyo tabia ya gari lililozeeka. Sivyo, ndugu msomaji. Mfumo wa maji ya injini umefungwa. Maji yakipungua yametoka mahali fulani, ama kwenye mpira uliopasuka, ama kwenye rejeta, ama kwenye pampu ya maji, ama yanaingia ndani ya injini yenyewe. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote.

Kosa kubwa zaidi nililifanya nikiwa njiani. Mshale wa joto ulianza kupanda tulipokwisha kupita Wami. Niliuona. Nikasema moyoni, tufike Segera kwanza, pale pana mafundi. Laiti ningesimama na kuzima injini wakati ule, huenda ningenunua mpira mmoja wa maji tu. Kwa kuendelea nilipindisha kichwa cha injini, yaani silinda hedi, ambacho katika injini hii ni cha aluminiamu na hakivumilii joto la kupita kiasi. Gasketi iliyo chini yake ikaungua.

Dereva wa lori aliyesimama kutusaidia alinikuta nimeshika kitambaa, tayari kufungua kifuniko cha rejeta. Alinishika mkono. Maji yaliyo ndani ya rejeta iliyochemka yamebanwa kwa shinikizo, na joto lake hupita nyuzi 100 bila kutokota. Kifuniko kikilegea hulipuka usoni. Husubiriwa mpaka injini ipoe kabisa, hata ikiwa ni saa nzima, ndipo kifuniko kifunguliwe taratibu. Wala maji ya baridi hayamiminwi juu ya injini yenye moto, kwani chuma kilichotanuka kikipozwa ghafla hupasuka. Sijui jina la mtu yule mpaka leo. Allah amlipe kheri.

Mama mkwe na watoto walipanda basi wakafika Muheza usiku. Gari lilikokotwa hadi kwa fundi wa mji wa karibu, mzee mpole asiye na haraka. Alifungua kifuniko cha oili akanionyesha ute mweupe, mfano wa chai iliyozidiwa maziwa. Hiyo ni alama kwamba maji na oili vimechanganyika. Alipofungua bomba la maji yakatoka maji ya rangi ya kutu. Kisha akaingiza kidole palipostahili kuwa na thamostati, akacheka kwa masikitiko. Haikuwapo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili limeenea. Thamostati ni kizibo kidogo kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto linalofaa. Ikiharibika katika hali ya kufunga, gari huchemka. Fundi wa haraka huing'oa akaitupa, gari likaacha kuchemka, na mwenye gari akashukuru. Lakini injini sasa huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na maradhi ya asili, kama vile rejeta iliyoziba, hufichika mpaka siku ya safari ndefu. Mwenye gari wa kwanza alitia maji ya bomba matupu kwa miaka, kutu na chokaa vikajaa kwenye mishipa ya rejeta. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na kazi yake kwetu sisi watu wa joto ndiyo hiyo hasa. Wanaodhani ni ya nchi za barafu tu wamekosea.

Kichwa cha injini kilipelekwa Tanga kusawazishwa kwa mashine. Siku nane. Fedha zilizotumika zilizidi mara kadhaa lile fungu nililolimalizia kwenye ringi.

Tangu hapo nimejifunza kanuni moja, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa familia inayonunua gari lililotembea sana: lichukulie kana kwamba hakuna lililowahi kufanywa, hata ukiambiwa limefanywa. Namba ya dashibodi nayo usiiamini peke yake, maana kuna watu ambao kazi yao ni kuirudisha nyuma. Tazama raba ya pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika mpaka chuma haiwi ya gari la kilomita 60,000.

Kwa hiyo oili na filta yake hubadilishwa siku ile ile gari linapofika nyumbani, na hesabu ikaanza upya. Oili ya gia boksi ya otomatiki iwe ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, isiwe yoyote iliyopo dukani. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, na yenye maji huchemka katika mteremko mrefu, pedali ikazama hadi chini. Miaka miwili inatosha kuibadilisha. Padi, bushi, boljointi na shokapu hukaguliwa gari likiwa limenyanyuliwa. Matairi nayo yana umri hata kama kashata zake bado ni nzuri: ubavuni pana tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka, hivyo 2316 ni juma la 23 la mwaka 2016. Yetu yalikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nikiyapaka rangi nyeusi yang'ae.

Mkanda wa taimingi wastahili maneno yake. Injini kama 3S hutumia mkanda wa mpira, na desturi ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Huko Japani fundi akiubadilisha hubandika kistika chenye tarehe na kilomita karibu na injini; ukikikuta, soma tarakimu zake hata kama maandishi huyajui. Usipokikuta, badilisha. Na kwa kuwa pampu ya maji ya injini hii huzungushwa na mkanda huo huo, vibadilishwe pamoja, kwani kazi ya kufungua ni ile ile moja na ujira ni mmoja. Mkanda ukikatika kwenye 3S kwa kawaida gari huzimika tu. Ziko injini nyingine ambazo vali na pistoni hugongana, na hapo habari inakuwa ya kununua injini.

Kuhusu mafundi, sina lawama ya jumla. Wengi ni watu waaminifu wanaofanya kazi juani kwa malipo madogo. Ila patana ujira kabla nati haijafunguliwa, nenda mwenyewe kununua vipuri Gerezani au Ilala, na uombe kurudishiwa kipuri cha zamani ukione. Kipuri kilichotumika kutoka Japani mara nyingine ni bora kuliko kipya cha bandia, isipokuwa mikanda, padi na mipira ya maji, ambayo mimi siinunui mitumba kwa hali yoyote.

Kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti imenizoeza kuandika. Nimeweka daftari ndani ya gari: tarehe, kilomita, kilichofanywa, aliyekifanya, gharama. Mke wangu ndiye anayelisoma kwa makini zaidi, na mara mbili amenikumbusha oili kabla sijakumbuka mwenyewe. Kila mwezi tunatenga kiasi kwa ajili ya gari, na kiasi hicho hakiguswi na ringi.

Wengine wameniuliza iwapo nilikuwa na haki ya kumrudishia muuzaji gari lake. Fikihi inatambua khiyari ya aibu: mnunuzi aliyekuta kasoro ya zamani iliyopunguza thamani ana nafasi ya kurudisha, na muuzaji anayeijua kasoro hana ruhusa ya kuinyamazia. Lakini mimi niliendesha na mshale ukiwa juu, nikaongeza kasoro yangu juu ya ile aliyoniuzia. Nilimpigia simu nikamweleza thamostati haikuwapo. Akasema hakujua. Huenda ni kweli.

Leo dashibodi inasoma 221,000, alhamdulillah, na gari linapanda Lushoto likiwa na watu saba bila mshale kusogea. Wiki iliyopita jirani mmoja alikuja akitaka kulinunua. Nilimpa daftari kabla ya ufunguo. Akafika kwenye ukurasa wa Mkata, akausoma mara mbili, kisha akaomba nimpunguzie bei. Bado tunazungumza.