Mashini ya kuangalia moyo isifungiwe mu biro

Ndugu wa kazi ya madini, na ninyi mama na watoto wenye kutungojea ku nyumba kila jioni, leo tunataka kuzungumuza nanyi juu ya moyo.

Tuko na mwenzetu mumoja wa Katuba. Miaka kumi na minane alikula vumbi ya mugodi. Mwaka uliopita akaanza kukosa pumzi, miguu ikavimba, usiku analala paka akiwa ameikaa. Ku dispanseri wakamupa dawa ya malaria, kiisha dawa ya asima. Ku kartiye wakasema ni ulozi, sababu alikuwa ametoka kupewa cheo cha kapita.

Kazi tano moja, usiku, akaanguka mu posta. Hospitali ya kwanza tuliyofika ilikuwa na mashini ya ekografi, lakini ilifungwa mu biro, na mwenye lufungulo alikuwa amerudia kwake. Wakatuambia tungoje mupaka kazi moja asubuhi.

Hatukungoja. Tukamubeba tena mu motokari. Ku hospitali ya pili, munganga kijana akamupakaa jeli ku kifua, akaweka kichwa cha mashini chini ya mbavu, akaangalia ku ekrani. Hakupitisha dakika tano. Maji ilijaa mu mufuko wenye kufunika moyo, ikaukaza mupaka ukakosa nafasi ya kufunguka. Akaingiza sindano, macho ku ekrani, akatoa zaidi ya litre moja. Mbele jua litoke, mwenzetu alikuwa anaomba chai. Vipimo vikaonyesha kifua kikuu, akameza dawa miezi sita. Leo anatumika inje, mbali na vumbi, na bibi yake hakuvaa nguo ya kilio.

Wenye kushuka chini ya udongo watafahamu upesi namna mashini hii inatumika. Mbele ya kuingia, tunapiga mwamba na mutalimbo, tunasikiliza. Ukilia mugumu, tunapita. Ukilia kama ngoma, tunarudi nyuma. Ekografi nayo inatuma sauti, ile masikio ya mutu hayawezi kusikia. Sauti inagonga nyama na damu, inarudi, na mashini inaigeuza kuwa picha yenye kutembea. Haina mionzi kama radio, haikate, haiumize.

Na tena ilitoka ku kazi ya vyuma, kazi sawa yetu. Mwaka 1953, ku Lund, inchi ya Uswidi, munganga Inge Edler na mutaalamu Carl Hellmuth Hertz waliazima mashini yenye kutafuta nyufa mu chuma, kule wanatengeneza meli ku muji wa Malmö. Wakaiweka ku kifua cha mutu. Njo mwanzo wa ekografi ya moyo.

Munganga wa irijansi hafanye kazi yote ya munganga wa moyo. Anatafuta majibu machache: Moyo unatembea? Unasukuma damu kwa nguvu? Kuna maji ao damu yenye kuukaza? Upande wa kuume umevimba, sawa vile wakati damu iliyoganda inafunga njia ya mapafu? Hata wakati wanakandamiza kifua cha mutu ambaye moyo umesimama, wanaangalia mu sekunde kumi tu, kiisha wanaendelea kukandamiza.

Kwa sisi, jambo hili si la mbali. Mutu aliyepigwa na jiwe ku kifua anaweza kuvuja damu ndani, karibu na moyo, bila hata tone moja kuonekana inje. Vumbi ya mawe inafungulia kifua kikuu mulango, nacho kinaweza kujaza maji ku moyo. Na mama zetu pia: kuna moyo wenye kulegea ku mwisho wa mimba ao mu miezi ya kwanza kiisha kuzaa, na watu wanasema ni uchovu tu.

Tuseme kweli: mashini yenyewe haiponyeshe mutu. Asiyefunzwa atadanganyika nayo, na picha nzuri haimalize vipimo vingine.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamulazimisha mwenye kazi kutunza mutumikaji na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Basi, ku mazungumuzo ya mapatano ya kazi, delege wetu waombe mambo matatu. Mashini moja ibakie ku irijansi, usiku na mchana. Mu kila posta kuwe mutu aliyefunzwa kuitumia. Na mutumikaji wa kampuni ndogo zenye kukodishwa apokelewe sawa wengine, bila kuombwa franga mbele. Siku hizi kuna mashini zenye kuingia mu mufuko wa koti na kufungwa ku telefone. Hata umeme ukikatika, inaendelea kutumika.

Nanyi ku nyumba: mutu akikosa pumzi wakati analala, kifua kikimukaza, miguu ikivimba, ao akizimia, musingoje kesho. Mukifika ku mulango, semeni kama anatumika mu vumbi, kama alipigwa ku kifua, kama ametoka kuzaa. Kiisha muulize kwa heshima: moyo wake, munaweza kuuangalia sasa?