Lugha za Waelvi zina ukoo wake

Katika bandari ya Kalundu, kusini mwa mji wa Uvira, masikio hayapumziki. Huyu anaita kwa Kibembe, yule anaitika kwa Kiswahili, pembeni bei inabishaniwa kwa Kifuliru. Na ukifika mpakani Kavimvira, Kirundi kinakupokea. Anayekulia mwambao huu anajua, hata bila kufundishwa, jambo ambalo watunzi wa lugha za kubuni hulihangaikia sana: lugha huwa na ndugu.

J. R. R. Tolkien alilijua vizuri. Alizaliwa Bloemfontein, katika Afrika Kusini ya leo, mwaka 1892, akaja kuwa profesa Oxford, Uingereza. Katika riwaya yake The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1954 na 1955, wamo Waelvi, viumbe wanaofanana na watu ila uzee hauwapati. Wasomaji wengi hudhani hadithi ilitangulia, kisha Waelvi wakatungiwa maneno. Ilikuwa kinyume. Tolkien alianza kutunga lugha ya Waelvi yapata mwaka 1915, na hadithi zikafuata ili lugha ipate wenyewe.

Tena hakuishia kwenye moja. Quenya aliipa ladha ya Kifini, Sindarin akaipa ya Kiwelisi, na zote mbili akazifanya watoto wa mama mmoja.

Kiswahili na Kirundi pia ni ndugu, wa ukoo wa Kibantu. Mswahili husema kupa, Mrundi husema guha. Huyu pembe, yule ihembe. P ya huku ni h ya kule, na hiyo si bahati, ni kanuni. Waelvi nao wana kanuni yao. "Neno" kwa Quenya ni quetta, kwa Sindarin ni peth. "Ngumi" ni quár, na paur. Quenya imetunza sauti ya kale ya kw, Sindarin imeigeuza p. Hata wingi una njia yake: kilima kwa Sindarin ni amon, vilima ni emyn. Kiswahili hugeuza mwanzo wa neno, mtu na watu. Sindarin hugeuza irabu za ndani.

Wengine walipita njia ya mkato. Mwaka 1983, katika filamu ya Return of the Jedi, kiumbe Nien Nunb alipewa sauti na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, aliyesema tu kwa lugha za kwao.

Kijana wa Uvira anayetaka kuwatungia lugha watu wa kubuni wa milima ya Mitumba anaweza kuanza na maneno hamsini ya kale. Kisha aamue: waliobaki mlimani wametunza p, walioteremkia ziwani wameigeuza h. Pelo ya mlimani iwe helo ziwani, lupi iwe luhi. Kanuni hiyo aishike hadi neno la mwisho, maana msomaji wa mwambao wa Tanganyika, mwenye lugha tatu au nne kinywani, atalisikia kosa mara moja.