Rangi za Uso na Mikono Siku za Idd na Arusi

Ikaribiapo Idd, nyumba zetu za Tanga, Pangani na Mkinga hujaa harufu ya hina na ndimu. Mabinti huwanyoshea mikono shangazi zao na kina mama wenye ustadi wa kuchora. Na siku hizi limezuka jambo la pili: viwanjani watoto huchorwa nyuso kwa malipo madogo, huyu akawa simba, yule kipepeo. Hatuandiki kuipinga furaha hiyo, kwani Idd ni siku ya furaha. Twaandika kwa kuwa ngozi ya mtoto ni amana, na aghalabu amana hiyo hukabidhiwa mtu asiyekijua alichokishika mkononi.

Tuanze na piko, maana hapo ndipo penye madhara makubwa. Hina ya asili ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kutwangwa. Rangi yake huanza ya machungwa, ikaiva ikawa nyekundu ya udongo, nayo hutaka saa nyingi ili ishike. Basi mkiletewa “hina” nyeusi kama wino, inayoshika kwa muda mfupi, jueni kuwa hiyo si hina tupu. Aghalabu ni dawa ya kutia nywele weusi, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeiruhusu katika dawa za nywele, tena isizidi asilimia 2 inapotiwa kichwani. Katika kibakuli cha piko ni nani apimaye? Huko Marekani, katika miaka ya 1930, dawa ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali hiyo hiyo, iliwapofusha wanawake, na mmoja wao akafa. Misiba ya namna hiyo ilichangia kupatikana kwa sheria yao ya vipodozi ya mwaka 1938.

Wako kina mama watuambiao, “Mbona mwaka jana alipakwa wala hakudhurika?” Hiyo ndiyo hila yake. Mara ya kwanza yaweza kupita bila ya dalili, huku mwili ukijifunza kuikataa. Mara ifuatayo mchoro huwasha, ukavimba, ukatoka malengelenge kwa sura ile ile ya ua lililochorwa, na kovu huweza kubaki. Na mwili ukisha kuikataa hausahau: binti huyo hata akiwa mtu mzima, dawa ya nywele yaweza kumvimbisha uso na macho. Kwa hiyo rai yetu ni moja. Piko isipakwe ngozini kabisa, si kwa mtoto wala kwa bibi arusi.

Hata hina yenyewe asipakwe mtoto mchanga. Katika pwani zetu za malaria wako watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwao hina huweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto aliyepakwa akageuka manjano, au mkojo wake ukawa mweusi, apelekwe hospitali saa ile ile.

Ama rangi za uso, sharti ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya ngozi. Rangi ya kuchorea karatasi, hata ikiandikwa kuwa haina sumu, si ya uso. Ya ukutani hatuna haja ya kuitaja. Lakini rangi iliyo njema nayo huharibiwa na mikono. Sponji moja ikipita nyuso ishirini, na brashi zote zikasuuzwa katika kikombe kimoja cha maji machafu, basi choa, majipu na macho mekundu hugawiwa pamoja na rangi. Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kuenea kwa macho mekundu nchini, na maradhi hayo hupita kwa kugusana na kushirikiana vitu. Mchoraji anawe kwa sabuni baina ya mtoto na mtoto, kila mmoja awe na sponji yake, na rangi itolewe kidogo katika kisahani. Mwenye kidonda, choa au jicho jekundu achorewe karatasi, naye atafurahi vile vile. Kijiti cha wanja kadhalika kisipite jicho hata jicho.

Wakubwa wakumbuke na udhu: hina ikisha kubanduliwa huacha rangi tu, lakini rangi ya uso ni tabaka izuiayo maji. Iondoshwe kwa maji na sabuni, si kwa mafuta ya taa.

Na aliyekwisha kudhurika aoshwe kwa maji mengi na sabuni laini, malengelenge yasitumbuliwe, wala yasipakwe majivu wala dawa ya meno. Akivimba uso au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali bila ya kungoja asubuhi. Na ile pakiti ya rangi ichukuliwe pamoja naye, ili daktari aone kilichomo.