Nguo Iliyo Karibu na Ngozi: Kutoka Gome la Myombo Hadi Uzi wa Pamba

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19 ilipumzika Tabora, na sehemu kubwa ya mizigo iliyoiingiza bara ilikuwa nguo. Mashuhuri kati ya hizo ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja kwa meli. Kilipimwa kwa shuka na doti, kikalipia chakula, ujira wa wapagazi na hongo za watemi. Hata hivyo, Burton na Speke walipofika Kazeh mnamo Novemba 1857 hawakuikuta nchi isiyojua nguo. Wanyamwezi walikuwa wakifuma pamba yao wenyewe, na wengine walivaa gome la mti lililopondwa kwa nyundo ya mbao hata likalainika.

Kwa macho ya mwanakemia, gome, pamba ya kienyeji na merikani ni ndugu. Kiini chao ni selulosi, yaani mnyororo mrefu wa molekuli za glukosi. Pembeni mwa mnyororo huo zimo jozi nyingi za oksijeni na haidrojeni, nazo huvuta maji. Kwa sababu hiyo gramu 100 za pamba kavu, zikiachwa katika hewa yenye unyevu wa wastani, hunyonya karibu gramu 8 za maji. Poliesta, itokanayo na mafuta ya petroli, haifikishi hata nusu gramu.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi katika nguo za ndani, ambazo aghalabu tunaona haya kuzizungumza darasani. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, baridi ilinifundisha kuthamini sufu. Joto la Oktoba la Tabora hufundisha somo jingine. Jasho lisiponyonywa hubaki juu ya ngozi, na palipo na joto na majimaji kuvu hustawi.

Mwalimu anaweza kuwathibitishia wanafunzi asili ya kitambaa kwa kibiriti, koleo na sahani ya udongo, mlango ukiwa wazi. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, kisha huganda kuwa punje ngumu. Jaribio hili husema kweli kuliko kibandiko cha dukani.

Siku hizi zinauzwa nguo za ndani zinazosemwa kuwa ni za mianzi. Nyingi kati yake ni viskosi: selulosi ya mmea huloweshwa katika soda kali, huchanganywa na kaboni disalfaidi, kisha husukumwa katika vitundu vyembamba ili iwe nyuzi. Zao lake ni selulosi kweli, tena hunyonya maji kuliko pamba. Lakini kaboni disalfaidi ni sumu inayodhuru neva za wafanyakazi wa kiwanda kisichojihadhari. Gome nalo lina gharama yake. Mtuba wa Buganda hufungwa migomba baada ya kuchunwa, ukaotesha gome jipya. Myombo uliochunwa kuzunguka shina zima kwa kawaida hufa.

Kwa hiyo napendelea pamba, hasa kwa kuwa hulimwa Igunga na Nzega, katika mkoa huu huu, ingawa sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje kabla ya kusokotwa. Lakini pamba ina kasoro moja: yale maji iliyoyanyonya huyaachia polepole. Wasichana wengi, kwa kuona haya, huanika nguo za ndani chini ya kanga au ndani ya bweni, nazo huvaliwa zingali na unyevu. Hapo sifa ya nyuzi hugeuka kuwa madhara. Kamba ya kuanikia iliyo juani, nyuma ya ua wa makuti au matete wa kuzuia macho, haigharimu shule fedha nyingi.